Mtu wa Peremende

Juzi tulikuwa msibani, tumekaa ukumbini na wanawake wenzangu, mmoja akafungua peremende akampa mtoto wake aliyekuwa akilia. Ile harufu ya mnanaa na sukari ikanifikia nilipokaa, nami nikajiziba pua kwa kanga. Mie bibi mzima, nina wajukuu saba, lakini peremende mpaka leo haipiti kooni mwangu. Watu wa nyumbani wanadhani ni sukari naiogopa. Wacha leo nikwambieni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tukikaa Mkunazini, nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi za mawe, mie, mama, na kaka yake mama, Mjomba Suleiman. Baba alikuwa keshafariki. Mjomba alikuwa fundi wa saa. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha la chini, imejaa visahani vya skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, na ukiingia nyumbani kwetu ulisikia saa ishirini zinagonga, kila moja kwa wakati wake. Nyuma ya meza ilikuwapo redio. Kila adhuhuri, akishasali, Mjomba aliifungua kwa sauti ndogo akasikiliza habari za ng'ambo kwa Kiarabu, na juu yake akitupia taulo ili sauti isitoke. Rafiki zake wawili walikuja kusikiliza naye. Hakuna aliyeniambia kuwa ni siri, wala kuwa siku hizo mtu alikamatwa kwa kusikiliza habari kama zile. Mimi nilidhani redio nayo inaona baridi.

Asubuhi nilikwenda skuli, na jioni chuoni kwa Bi Zuwena, kichochoro cha pili. Bi Zuwena alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alitusomesha Kurani, lakini Alkhamisi tukimaliza mapema alitufundisha mambo mengine, aliyoyaita kuishi na watu. Alikagua kucha zetu kidole kimoja kimoja, na mwenye uchafu alirudishwa kwao mbele ya kila mtu. Sabuni ilikuwa adimu siku hizo, basi akatuonesha namna ya kunawa kwa majivu. Alitufunza kuchemsha maji ya kunywa, kupiga mswaki mpaka meno ya nyuma, kuitika "naam" na si "ee", kumwamkia mkubwa kabla hajatufikia. Na kila Alkhamisi, kabla hatujatoka, aliuliza, "Na mkiulizwa?" Sote tulijibu kwa sauti moja, "Tunasema kweli!" Mimi nilipiga kelele kuliko wote.

Siku moja natoka chuoni, nikamkuta mtu amesimama pembeni mwa kichochoro. Shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Adabu nzuri hii, nani kakufunza?"

"Bi Zuwena."

"Na kakufunza kusema kweli?"

"Naam."

Akatoa peremende iliyofungwa karatasi ya kung'aa. Siku hizo peremende ilikuwa haionekani madukani. Niliitia mdomoni hapo hapo. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza taratibu yule fundi wa saa ni nani wangu, redio yake inasema lugha gani, nani wanakuja kuisikiliza. Nami nikamwambia yote. Nikamwambia na taulo. Nikamtajia wale rafiki wawili kwa majina yao na majina ya baba zao, maana Bi Zuwena alituambia jambo likisemwa lisemwe kamili. Yule mtu alicheka akanipapasa kichwa.

"Umesema kweli. Lakini usimwambie mama, eti? Hii yetu, mie na wewe."

Nilirudi nyumbani najiona mkubwa.

Siku ya tatu, mchana, tumekaa mkekani kula wali na mchuzi wa papa, ikasimama gari nje. Gari hazikuwa zikiingia kichochoroni kwetu. Wakaingia wanaume watatu bila ya kubisha hodi. Mmoja akasema, "Suleiman, twende." Mjomba alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha sahanini polepole, akanawa, akavaa kofia yake. Mwengine akachukua redio pamoja na taulo lake. Mama hakulia. Gari ilipoondoka aliniambia, "Kula," kisha akakaa akitazama ukuta. Siku mbili baadaye tukasikia rafiki zake Mjomba nao wamechukuliwa.

Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia, lilinijia lenyewe, na mwili wote ukawa baridi katika joto lile la Kaskazi. Tangu saa ile nikawa naogopa kila kitu. Nikiogopa mlio wa gari, nikiogopa mama asije akanitazama machoni. Majirani waliacha kuja kuazima chumvi, wakawa wakipita mlangoni kwetu wanaangalia chini. Zile saa zilikosa mtu wa kuzitia ufunguo, zikazimika moja baada ya moja, na nyumba ikanyamaza kiasi cha kunifanya nisikie pumzi zangu. Na yule mtu alikuwapo bado. Nikitoka chuoni namwona pale pale pembeni, ananichekea. Nikawa nazunguka njia ya mbali, nakimbia mpaka kifua kinaniuma.

Chuoni, ulimi ulinishika. Sura niliyokuwa nikiisoma kama maji ikawa haitoki. Bi Zuwena hakunigombeza. Siku ya nne ya kigugumizi changu alisubiri watoto wote wakaondoka, akafunga mlango, akakaa mbele yangu mkekani.

"Saada, una nini?"

Nikamwambia. Nililia mpaka kanga yake ikarowa. Mwisho nikasema, "Lakini Mwalimu, wewe ulitwambia tuseme kweli!"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikufunza nusu, mwanangu," alisema. "Nusu ya pili sikukupa. Kosa hilo langu."

Akavaa buibui, akanishika mkono, tukatoka. Nilipoona tunaelekea pale pembeni nikajaribu kurudi nyuma, yeye akanikaza. Kiganja chake kilikuwa majimaji kwa jasho. Yule mtu alikuwapo. Bi Zuwena alisimama mbele yake.

"Mwanangu," alimwambia, "watoto wangu hawali kitu cha njiani. Na kama una la kuuliza, usiulize watoto. Njoo uniulize mie."

Yule mtu akatabasamu. "Na wewe jina lako nani, bibi?"

"Zuwena. Nyumba yangu ile yenye mlango wa kijani."

Akatoa kalamu yake mfukoni akaandika.

Nyumbani Bi Zuwena alimweleza mama yote, mimi nimesimama nyuma ya buibui lake. Mama aliinuka, akaunyanyua mkono, sijapata kumwona hivyo. Bi Zuwena akasema, "Ukimpiga leo kwa kusema, kesho atakuficha. Na kesho pengine litakuwa kubwa kuliko hili." Mkono wa mama ulibaki juu, kisha ukashuka. Akakaa kwenye ngazi akalia, kwa mara ya kwanza tangu Mjomba achukuliwe. Usiku ule alinilaza kitandani kwake.

Alkhamisi iliyofuata Bi Zuwena hakukagua kucha. Alituambia ya nyumbani hayatoki nje, na mtu akikupa kitu ukiwa peke yako, usipokee, kimbia. "Na mtu mzima akikwambia usimwambie mamako, hilo ndo la kumwambia mamako kabla hujavua viatu." Tukalikariri kama tunavyokariri sura. Wenzangu walidhani ni somo tu.

Mjomba alirudi baada ya wiki sita, asubuhi, kwa miguu. Ndevu zimeota, shati linamning'inia. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Alipomaliza kuoga alikaa kwenye meza yake akajaribu kufungua saa, na vidole vyake, vilivyokuwa vikishika skrubu ndogo kama mchezo, havikutulia.

"Saada!"

"Naam."

"Njoo unishikie."

Nikaenda. Nikashika kibanio, machozi yakidondoka juu ya meza. Akasema bila ya kunitazama, "Nasikia unajilaumu. Hawakuniuliza habari za redio hata siku moja. Walikuwa na mambo yao mengine. Shika vizuri hapo."

Usiku ule nililala. Nilimwamini Mjomba miaka ishirini na zaidi, hata baada ya kufa kwake, na wale rafiki zake wawili, ambao mmoja wao hakurudi, niliamini nao walichukuliwa kwa mambo mengine.

Mama ndiye aliyeniambia, uzeeni mwake, siku moja tunachambua mchele. Alisema wale watu walimsomea Mjomba kwenye karatasi maneno yangu yote, siku ya kwanza kabisa. Akaniambia pia kuwa Bi Zuwena aliitwa na watu wale wale mara mbili kwa sababu ya maneno yale aliyosema pale pembeni, na mara ya pili alikwenda na nguo za kubadilisha ndani ya mkoba, kwa kuwa hakujua kama atarudi. Kesho yake alitusomesha kama kawaida.

Sasa nina umri mkubwa kuliko waliokuwa nao wao wakati ule. Utotoni nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naogopa, na wakubwa wanajua la kufanya. Kumbe wote walikuwa wakitetemeka. Nusu ya pili aliyoisema Bi Zuwena sikuipata Alkhamisi ile, ingawa niliikariri vizuri. Niliipata nikiwa na ungo wa mchele magotini, nilipofahamu kuwa Mjomba alijua ni nani aliyemsema, na bado aliniita mimi nimshikie, akanificha kweli ile ili nipate kulala.