Pejo Isiyodondosha

Watu wa mji wa Baraka walimpenda Useni, ila kumsifu waliogopa. Ukimsifu mara moja, utasimama juani hadi adhuhuri akikueleza yale uliyosahau kuyasifu. Alikuwa fundi na dereva, na mali yake yote ilikuwa Pejo 404 nyeupe iliyomzidi umri mkewe, Zubeda. Zubeda alisema ndiyo maana gari lile lilipewa heshima ya mke mkubwa.

Kabla ya vita Pejo ilikuwa ikipanda Fizi na kushuka, imebeba mihogo, mbuzi na bibi harusi, siku nyingine wote kwa pamoja. Vita vilipofika, kila kundi lenye bunduki lilitaka gari, na gari lililochukuliwa halikurudi. Madereva wenzake walificha magurudumu. Useni aliwacheka; gurudumu, alisema, askari ataliokota popote. Yeye alishusha giaboksi, ambayo sisi tunaiita bwate. Bila bwate injini itanguruma mpaka jioni na gari halitasogea hata shubiri.

Kushusha bwate ya 404 si kuchuma papai. Lazima kwanza ufungue ekseli ya nyuma na kuivuta kinyumenyume. Useni alilala chini ya gari, Zubeda akashika ncha za kitenge kilichopitishwa chini ya bwate, wakaiteremsha polepole kama watu wanaomlaza mtoto mwenye usingizi mwepesi. Kisha wakaitia ndani ya gunia na kuizika katika shamba la mihogo. Hatari ikipita waliifukua, ikirudi waliizika tena. Zubeda alisema ndoa yake ilikuwa na mazishi mengi kuliko sikukuu.

Mazishi ya mwisho yaliharibika. Mvua ilinyesha juma zima, maji yakaingia ndani ya gunia, na bwate ilipofukuliwa ilitapika tope. Siku ile Useni hakusema neno, na kimya chake kiliwatisha majirani kuliko risasi.

Kesho yake akaifungua, akaosha kila gia kwa petroli, akaianika mkekani. Karatasi za kuziba maungio zilikuwa zimegeuka uji, na mipira ya kuzuia mafuta imeoza. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, vipuri havipatikani. Basi akachukua boksi la viatu vya harusi vya Zubeda, akaligandamiza juu ya chuma mpaka ukingo ukajichora, akalikata kwa wembe. Pale mhimili unapotokea nje akasokota pamba yenye sabuni, akaishindilia kama mafundi wa mitumbwi wanavyoziba nyufa. Mafuta yaliyobaki sokoni yalikuwa ya aina moja tu, yale ya mboga. Akamimina mawese ya Zubeda, dumu zima.

Bwate iliporudi mahali pake, Useni aliweka sinia chini ya gari usiku kucha. Asubuhi sinia halikuwa na tone. Akaita majirani waje waone, nao wakaja kwa adabu, wakainama kutazama sinia tupu.

Kulikuwa na kasoro moja, ambayo hakuitangaza. Mawese huganda. Kiangazi kile upepo wa milimani ulishuka alfajiri, na mkono wa gia, ulio shingoni mwa usukani, ukawa haugeuki. Kila asubuhi Zubeda alisukuma mbabula, jiko letu la makaa, chini ya bwate mpaka mafuta yalainike. Useni aliita hiyo kazi kuiamsha. Majirani walisema Pejo ikipita wanasikia njaa.

Basi askari wakaja alfajiri, kabla ya mbabula, na bwate ikiwa ndani ya gari. Mkubwa wao alitaka gari la kwenda Misisi. Walikuja na dereva, betri na dumu la petroli, ambayo kwetu ni esanse. Injini ikawaka mara moja, na Useni, Mungu amsamehe, akatabasamu. Dereva akakanyaga klachi, akavuta mkono wa gia. Haukusogea. Akavuta kwa mikono miwili.

Useni alijua kwamba injini ikiendelea kunguruma, joto lake litafika kwenye bwate na Pejo itaondoka. Alimtazama mkewe. Zubeda alikuwa tayari ameweka sufuria ya uji juu ya mbabula, mbali kabisa na gari.

“Mukubwa,” alisema bila kuinua kichwa, “iyo esanse munachoma bure. Ii mutuka, sisi tunalalishaka kuku ndani.”

Dereva akazima injini, akaingia chini na tochi. Akatoka akijifuta magoti. Alimwambia mkubwa wake kwamba Pejo ya umri huu lazima idondoshe mafuta, na hii ni kavu kabisa, maana yake bwate haina mafuta, gia zimekufa humo ndani. Kisha akamgeukia Useni.

“Nani alitengeneza ii?”

“Ni mi.”

“We si fundi, papa. Udongo iko mpaka kwa kifuniko ya bwate, ni sawa kaburi.”

Zubeda alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Kule kwenye ulimi wa Useni kulikuwa na boksi la viatu, pamba, sabuni na wembe, vyote vikisukumana kutoka.

“Ndiyo, mukubwa,” alisema. “Mi si fundi.”

Wakachukua kuku mmoja, betri yao na petroli yao, wakaondoka kwa miguu.

Jua lilipopanda juu ya rasi ya Ubwari, Useni aliingia garini akagusa mkono wa gia. Ukageuka kama kijiko ndani ya uji. Alikaa pale, mikono juu ya usukani, mtu aliyepata gari na kupoteza jina.

Zubeda alivuta sinia kutoka chini ya Pejo, akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole juu yake. Kidole kilitoka kikavu.

“Baba Nadia,” alimwambia mumewe, “ii kazi ni ya fundi.”

Zubeda alisimama juani hadi adhuhuri, akimsikiliza.