Anayezima Taa Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, shangazi huzima taa. Huingia ofisini mkoba ukiwa begani, hupapasa swichi ukutani bila kuangalia, na chumba chote hufifia. Kisha huketi kwenye kiti cha wageni kilicho karibu na mlango, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na kutazama. Hatazami kitu fulani. Anatazama mwanga unavyoingia, unapoishia, na meza ipi umeiruka.

"Jamani, umeme umekatika!" mpokea wageni hupiga kelele. Hakuna siku asiyosema hivyo, na kila akisema hucheka mwenyewe kama vile ndiyo mara ya kwanza.

"Haujakatika. Umepumzika," shangazi hujibu. Ndipo huwasha taa na kuanza kusalimia watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mfagizi na mlinzi.

Kimya, mpwa wake, alipoiona tabia hiyo mara ya kwanza alidhani shangazi anaumwa kichwa. Kesho yake akadhani anabana matumizi ya umeme. Hakuuliza. Kimya halikuwa jina lake la kuzaliwa. Baba yake ndiye aliyembandika, kwa kuwa tangu utotoni, ukimkosa ndani ya nyumba, ilibidi umtafute nyuma ya kitabu. Sasa alikuwa amemaliza sekondari, matokeo yametoka, na yalikuwa yamemwacha njia panda.

Alitaka kusomea usanifu majengo. Chuo kikuu kilidai hesabu na fizikia, zote ziwe juu, pamoja na somo la tatu. Baada ya hapo mtihani wa kuchora, kisha mahojiano. Hesabu alizipata vizuri. Jiografia ndiyo usiseme. Fizikia ikamwangusha kwa daraja moja. Ni daraja moja tu, lakini ufunguo ukipungua jino moja haufungui mlango, hata uusihi vipi. Chuo kikuu hichohicho kikampa nafasi ya shahada ya biashara, chaguo alilolijaza mwishoni kwa sababu nafasi haikuruhusiwa kubaki tupu. Na chuo cha ufundi kikampa nafasi ya stashahada ya usanifu majengo. Alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana: huku au kule.

Baba yake ni nesi, mtu anayependa mambo yaliyonyooka. Yeye hakuona swali liko wapi.

"Wenzako wanaingia chuo kikuu, wewe unataka kupanda ghorofa kwa kuanzia chini ya sakafu," alisema. "Na hao mafundi wanajenga kila siku bila hata mchoro."

"Na nyumba zinavuja kila siku, Baba Kimya," mama akajibu kutoka jikoni.

Baba hakupenda kubishana na jiko. Akamgeukia bintiye. "Nenda ukashinde kwa shangazi yako wiki hii. Yeye ndiye aliyepita huko. Akwambie alivyosota. Asikupambie." Moyoni alitumaini dada yake angemtisha mtoto, mambo yaishe.

Lakini shangazi hakuwa na muda wa kutisha watu. Ofisi yake iko juu ya duka la baiskeli: chumba kikubwa chenye meza na kompyuta, mashine ndefu ya kuchapa ramani inayotoa karatasi kama ulimi, na nyuma kabisa chumba cha mikutano kinachotazama magharibi. Alimpa mpwa wake kisu, gundi na kadibodi, akamwambia asaidie kutengeneza mfano wa zahanati: kuta, paa, ngazi, vyote vidogo vya kuwekwa mezani. "Ukiwa na swali, uliza," alisema. Kimya alitikisa kichwa. Hakuwa na swali. Alikuwa nayo mengi mno, na yote yalitaka kutoka mlangoni kwa pamoja.

Kwa hiyo alisikiliza. Shangazi alikuwa mtu wa kuongea huku mikono inafanya kazi, na kipande cha kwanza cha habari kilidondoka walipokuwa wanakata madirisha.

"Mimi pia ilikuwa fizikia," alisema. "Daraja lilelile. Nililia mpaka mama akaniuliza kama huyo Fizikia ni mtu, tumfuate kwao."

Mama huyo alikuwa bibi yake Kimya, mshonaji. Cherehani chake hakikuwa na mahali maalumu. Asubuhi kilikaa kwenye dirisha la jikoni, mchana kikahamia mlangoni, jioni kikaenda uani, kikilifuata jua kama kuku anavyofuata punje. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na nyumba ile ilijengwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba kuna atakayetaka kutunga uzi kwenye sindano ndani yake. Shangazi, akiwa mdogo, ndiye aliyebeba kigoda.

"Siku moja nikamwambia, mama, nikikua nitakujengea chumba ambacho hutahama. Akasema, sawa, ila kwanza shika hiyo ncha ya kitambaa."

Fizikia ilipokataa, bibi ndiye aliyesema kama mlango wa mbele umefungwa, apite wa uani, maana nyumba ni hiyohiyo. Shangazi akaenda chuo cha ufundi. Huko akakutana na mwalimu wa kuchora waliyemwita Kifutio, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu amekosea. Alikusogezea tu kifutio mezani na kuendelea na safari yake. Kwa Kifutio alijifunza kuvuta mstari usiotetemeka, na kuandika herufi ambazo fundi anaweza kuzisoma juu ya ngazi huku mvua inamnyeshea. Akamaliza na alama nzuri, akaajiriwa kama mchora ramani, na alama hizohizo baadaye ndizo zilizomfungulia chuo kikuu kwa njia ya stashahada, fizikia ikiwa imesahauliwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Mpaka leo, jengo lake likikamilika, shangazi humpigia Kifutio simu. Kimya alimsikia wiki hiyohiyo.

"Shikamoo mwalimu. Shule imekwisha kujengwa. Paa halivuji."

Sauti ya mzee ikasikika mpaka meza ya pili. "Marahaba. Mvua imenyesha?"

"Bado."

"Basi nipigie ikinyesha." Akakata. Shangazi alibaki ameishika simu, anatabasamu kama msichana aliyepewa zawadi.

Habari ya chuo kikuu ilitoka kwa mtu mwingine. Shangazi ana mshirika, mhandisi mnene mwenye kicheko cha kutingisha vikombe, waliyesoma naye chuo kimoja. Wakati wa chai alivuta kiti karibu na Kimya.

"Amekwambia habari ya milango miwili?"

"Usianze," shangazi alisema.

"Ameshaanza," alisema mpokea wageni, akiacha simu ilie.

"Basi sikiliza, mwanangu. Sisi wote tulikuwa tumetoka sekondari juzi, mistari yetu imepinda kama mkia wa mbwa. Shangazi yako kaja akiwa mchora ramani kamili. Tulimwita Dada Mkubwa. Kazi ya kwanza wakapewa wachore nyumba ndogo ya walimu wawili. Siku ya kutetea michoro, sisi wa uhandisi tukaenda kutazama wenzetu wanavyochinjwa. Dada Mkubwa kabandika karatasi zake ukutani, safi, ungedhani zimechapwa. Mhadhiri katazama, katazama, halafu akasema: vizuri sana. Sasa, mwalimu huyu akiwa anatoka chooni na mwenzake kaacha mlango wa jiko wazi, itakuwaje?"

"Ikawaje?" aliuliza mpokea wageni, ambaye alikuwa ameisikia hadithi hiyo kila mgeni alipokuja.

"Milango inagongana! Wa jiko ukiwa wazi, wa choo haufunguki. Mtu anabaki chooni mpaka mwenzake amalize kupika!"

Vikombe vikatingishika. Shangazi alingoja watulie.

"Mimi nilitumaini anapika chai tu," alisema.

Kisha akamwambia Kimya, kwa sauti ya kawaida, kwamba alirudi bwenini akiwa na hamu ya kufunga virago. Mkono wake ulijua kila kitu na kichwa hakikuwa kimeulizwa lolote. Mhadhiri yuleyule ndiye aliyemfuata na kumwambia abaki, kwamba mchora ramani anayejua kuona aibu atakuwa msanifu mzuri. Akabaki. Ikawa miaka mitano, michoro na mifano na majengo ya kutembelea. Mumewe, wakati huo mchumba, alikuwa karani wa posta; jioni alikuja kumkatia kadibodi, na asubuhi alikwenda kazini vidole vimeganda gundi, anauza stempu zinazomng'ang'ania. Baada ya shahada, miaka mingine miwili chini ya msanifu aliyesajiliwa, ndipo mtihani wa bodi. Ule wa mdomo ulimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili akapita, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuweka sahihi kwenye mchoro.

"Njia yote hiyo nimeshikwa mkono," alisema. "Sikumbuki hata kipande kimoja nilichotembea peke yangu."

Si kwamba kutembea kulikuwa rahisi. Siku moja alimchukua Kimya hadi saiti ya zahanati ileile, na Kimya alikuwa amevaa ndala. Msimamizi wa mafundi alimtazama miguu.

"Mama, huyu amekuja kujenga au kuoga?"

Shangazi alicheka, akafungua buti la gari, akatoa viatu vigumu vya akiba. "Vaa. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na raba za kitambaa. Msumari uliingia huku ukatokea kule, na kila mvua niliyonyeshewa saiti nilirudi nayo ofisini." Viatu vilimpwaya Kimya, lakini aliingia navyo kila chumba, na katika kila chumba alimwona shangazi akifanya jambo lilelile: anasimama, anatazama mwanga unaangukia wapi.

Jioni baba alipiga simu. "Vipi, amekutisha?"

"Hapana, baba."

"Basi nimekupeleka kwa mtu asiyefaa." Akavuta pumzi. "Uamuzi ni wako, mama. Mimi sitaki tu uje kujuta."

Na hapo ndipo penyewe palipomuuma Kimya. Hakuogopa kazi. Aliogopa miaka: kwamba atazunguka nyuma wakati wenzake wanapita mbele, na mwisho wa safari agundue alichopoteza hakirudi.

Alhamisi mchana shangazi aliomba kuona daftari lake la kuchorea. Kimya alilitoa kama mtu anayevua shati mbele ya daktari. Ukurasa alioupenda ulikuwa wa chumba cha kusomea: rafu mpaka darini, meza ndefu, na upande mmoja ukuta mzima wa madirisha.

"Pazuri," shangazi alisema, na alimaanisha. "Kaskazini iko wapi?"

Kimya alionyesha kwa kidole. Shangazi aligeuza daftari kidogo, akalirudisha. "Chukua kitabu chako, kasome kwenye chumba cha mikutano. Leo umefanya kazi sana."

Kimya hakuambiwa mara mbili. Aliketi karibu na dirisha kubwa akafungua ukurasa. Mwanzoni palikuwa raha. Halafu jua likashuka, likaingia moja kwa moja, karatasi ikang'aa mpaka maneno yakapotea. Akasogeza kiti. Jua likamfuata. Akakaa upande wa pili wa meza, shingo ikaungua. Shangazi alipofungua mlango alimkuta kwenye kona ya mwisho, mgongo ameyapa madirisha, kitabu kimefunikwa na kivuli chake mwenyewe.

Kimya alitazama dirisha, akatazama daftari lake mezani. Madirisha yake mazuri yote yalitazama magharibi.

"Bibi yako alihama hivyo maisha yake yote," shangazi alisema, akaketi sakafuni kwenye kona ileile, bega kwa bega na kiti chake. Kimya alichukua penseli, akaanza kuyahamishia madirisha kaskazini na kusini, na shangazi, bila kugeuka, akamsogezea kifutio.

Ijumaa Kimya alifika mapema kuliko wote. Mlinzi alimfungulia. Akapapasa swichi, akazima, akaketi kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja. Mwanga wa asubuhi uliingia kutoka upande wa mashariki, ukapanda miguu ya meza, ukapita juu ya kompyuta na kuishia kwenye mfano wa zahanati, ambao mtu alikuwa ameuweka hapo makusudi. Meza ya mpokea wageni ilirukwa kabisa. Maskini, ndiyo maana taa yake haizimwi siku nzima.

Mpokea wageni akaingia, akashtuka, akashika kifua. "Mungu wangu. Sasa wamekuwa wawili."

Shangazi alifika mkono ukiwa umeshanyooka kuelekea swichi. Akakuta giza limeshatengenezwa. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akavuta kiti kingine, akaketi kando ya mpwa wake, mkoba bado begani.

Simu ilikuwa mapajani mwa Kimya. Ujumbe wa chuo cha ufundi ulikuwa umefunguliwa, na chini yake neno moja la kubonyeza: Nakubali. Shangazi aliliona, akageuza macho yake dirishani.

Wiki nzima Kimya hakuwa ameuliza kitu. Sasa maswali yake yote yalikuwa yamesogea pembeni kulipisha swali moja tu.

"Shangazi," alisema, "ungepewa kuchagua tena, ungepita njia ileile?"

"Ningepita," shangazi alisema. "Ila ningenunua viatu mapema."