Akeneta na kompyuta iliyokataliwa Seaqaqa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Akeneta Rokodi amelala kifudifudi chini ya meza ya chumba cha dawa, tochi mdomoni. Anafuata kwa kidole waya wa mtandao kutoka ukutani hadi nyuma ya kompyuta. Taa ndogo ya kijani inapepesa.

"Waya mzima," anasema, akitoka kinyumenyume na vumbi kwenye nywele. "Ugonjwa uko kwingine."

Nje, kwenye mabenchi ya kituo hiki kidogo cha afya karibu na mji mdogo wa Seaqaqa, wagonjwa thelathini na wanane wa kisukari wanasubiri. Wengi ni wakata miwa na wake zao. Kituo kina kompyuta moja tu, nayo tangu jana imekataliwa kuingia kwenye domeini, yaani mtandao mmoja unaozitambua kompyuta zote za vituo vya afya na watumiaji wake. Bila hiyo, faili za wagonjwa hazifunguki.

Aliyebanwa zaidi ni Bubu Salaseini, wa miaka sitini na minane; "bubu" kwa lugha ya hapa ni bibi. Jumatatu daktari alimbadilishia kipimo cha insulini. Kipimo kipya kimo kwenye faili. Kadi yake mkononi ina kile cha zamani.

"Si upige simu hospitali ya Labasa wakusomee?" anauliza mgonjwa mmoja.

"Thubutu!" anajibu Sista Shaleshni, muuguzi wa zamu. "Mwaka juzi nilisomewa kumi na sita, nikasikia sitini. Mungu tu ndiye aliyenizuia mkono. Kipimo nakiona kwa macho yangu, au sichomi."

Bubu Salaseini ana muhogo wake kwenye kitambaa, lakini hawezi kula kabla ya sindano. Midomo imemkauka. Utani haujamkauka.

"Ninyi watu wa mkoa wa Cakaudrove," anamwambia Akeneta kupitia mlangoni, "mnaamka jua likishachoka."

"Na ninyi wa Bua, Bubu, mnaamka alfajiri ili mpate muda wa kutosha wa kulalamika."

Benchi zima linacheka. Akeneta hacheki sana. Anaitazama midomo mikavu ya yule bibi.

Akeneta ana miaka arobaini na mitatu. Yeye na fundi mwenzake mmoja wa kompyuta wanahudumia vituo kumi na vinne, na vingi anavifikia kwa basi. Kabla ya hapo alikuwa mpokea simu wa ofisi ya wilaya kwa miaka tisa, mpaka ilipoletwa mashine inayopokea simu yenyewe.

"Mashine ilinipokonya kiti," anasema. "Nikajiambia, basi nitaijua mashine mpaka kwenye utumbo."

Akajifunza ufundi wa kompyuta jioni, mwanamke pekee darasani. Mwaka wake wa kwanza kazini aliitoa kompyuta ya kituo kimoja kwenye domeini bila kuhakikisha kwamba ana nywila, yaani neno la siri, ya ndani ya kompyuta hiyo. Ikawa kama mtu aliyejifungia nje na ufunguo ukabaki mezani. Kwa siku tatu wauguzi waliandika kila kitu kwa mkono, na mtoto mmoja akachomwa chanjo ileile mara mbili, akashikwa na homa.

"Mtoto alipona homa. Mimi bado," anasema kwa sauti ndogo.

Ndiyo maana leo, kabla ya kugusa chochote, anaijaribu kwanza nywila ya ndani. Inafungua. Ndipo anapovuta kiti.

Jana kompyuta hii ilipogoma kufungua faili, kijana wa makao makuu alimwelekeza Sista kwa simu aitoe kwenye domeini ili waiunganishe upya, wakashindwa kuirudisha. Kila wakijaribu, jibu lilikuwa kwamba domeini haipatikani. Akeneta anamgeukia Sista.

"Kuna kitu kipya kililetwa hapa?"

"Modemu tu. Ya zamani iliungua kwenye dhoruba wiki iliyopita. Umeme ulikatika siku tatu."

"Ahaa!"

Modemu mpya ilikuwa imeipa kompyuta anwani yake yenyewe ya kuulizia majina ya mtandao, badala ya anwani ya seva, kompyuta kuu ya wilaya. Kompyuta ilikuwa ikimuuliza mgeni njia ya kwenda nyumbani. Akeneta anaandika anwani sahihi, anajaribu tena. Safari hii domeini inaonekana. Anaweka jina lake na nywila.

Inakataa. Nywila si sahihi, inasema.

Anaandika tena, polepole, herufi kwa herufi. Inakataa. Akikosea mara ya tatu, akaunti yake itafungwa, na wa kuifungua yuko Suva, mji mkuu, ng'ambo ya bahari.

"Dada Keta," Sista ananong'ona, "Bubu ameanza kulegea."

Akeneta anaondoa mikono kwenye kibodi, anaikunja mapajani. Macho yake yanashuka kwenye kona ya chini ya skrini, pale penye saa na tarehe.

Januari, mwaka 2012.

"Shale, njoo uone! Huyu anaishi miaka ya nyuma!"

Betri ndogo ya ndani, pana kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika kompyuta ikasahau siku. Seva haimpokei mtu ambaye saa yake inapishana na yake zaidi ya dakika tano. Akeneta anachomoa betri nzima kutoka kwenye kompyuta mbovu iliyotupwa stoo, anaibadilisha, anarekebisha saa na tarehe, anaandika nywila kwa mara ya mwisho.

Inakubali.

Dakika sita baadaye Sista Shaleshni anasoma faili kwa macho yake. Kipimo kipya ni nusu ya kile cha kwenye kadi. Anakilinganisha na kadi, kisha anachukua sindano.

Agosti, Akeneta atawakusanya wauguzi wa vituo vyote kumi na vinne kwa siku mbili. Amekwisha kuomba ukumbi na kompyuta chakavu saba. Kila muuguzi ataitoa kompyuta kwenye domeini na kuirudisha peke yake.

"Wataogopa," anasema Sista.

"Waogope siku hiyo, nikiwa nimesimama nyuma yao," anasema Akeneta. "Nataka waiharibu kwa mikono yao, mbele yangu. Mtu huogopa kitu ambacho hajawahi kukirudisha."