Mbuzi za Feza ziliishia ndani ya bega

Wewe unayetuma picha ya muzungu amekaa juu ya tipoi, kisha unaandika chini: "Wakati ule barabara zilikuwa safi!" Unanichosha. Umeona muzungu, umeona barabara. Wale watu waliobeba kile kiti mabegani, hukuwaona?

Sumaili, ndugu ya babu yangu, mulimaji wa kule Wamaza, aliibeba. Ilikuwa kabla ya vita ya pili ya dunia, na alikuwa anakusanya mbuzi za kumuoa Feza. Zilibakia kidogo tu zitimie. Watu wa serikali wakamukamata abebe agronomu, muzungu wa pamba, mupaka Kasongo. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye muteremuko mwenzake wa nyuma akateleza, uzito wote ukamulalia Sumaili. Bega la kuume likatoka. Kapita, musimamizi wao, akakimbia:

"Bwana, haukuumia?"

Bwana hata kofia haikuanguka.

Nyumbani wakafanya vile tunafanya mupaka leo. Muzee anayejua mifupa akarudisha bega, akachanja ngozi na wembe, akapakaa dawa nyeusi. Lakini Sumaili hakuweza tena kuinua jembe, na majani yakafunika pamba yake. Agronomu alipokuja kukagua shamba, akaona zile chanjo.

"Na hizi?"

"Ni dawa, Bwana. Bega lilitoka kwenye tipoi yako."

"Uongo! Umejikata mwenyewe juu ya kukimbia kazi."

Wakamufunga, wakamutoza na amande, ile faini ya serikali. Hapo mbuzi zikaanza kutoka. Ya amande ikaenda. Ya kodi ikaenda, kodi haijui bega. Zilizobaki zikalipa watu wamulimie pamba, kwani pamba ilikuwa ya lazima, uwe mugonjwa, uwe muzima.

Alipotoka gerezani, baba ya Feza akamuita.

"Mwanangu, mbuzi ziko wapi?"

"Ziko ndani ya bega, baba."

Muzee akacheka. Kisha akamupa Feza kwa kapita. Yule kapita, akipita mbele ya nyumba, anapiga kelele: "Ee Sumaili! Bibi anashikwa na mikono mbili!"

Sumaili hakuoa. Alizeekea nyumbani kwa babu, anakula na mukono wa kushoto, na wageni wanasema hana adabu.

Sasa rudi kwa ile picha yako. Futa yale maneno ya barabara. Kisha ikuze, uangalie mabega.