Mabomba Kumi na Mawili ya Kwenye Fomu

Watoto ndio waliombandika jina la Ticha Sabuni, na hawakukosea. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mlangoni mwa darasa la pili kila Jumatatu, uso kaukunja, akikagua kucha na shingo, na aliyekuja na uchafu alirudishwa bombani bila mjadala. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Wenzake walisema ana ulimi wa wembe. Yeye alisema ulimi wake ni wa kawaida, masikio yao ndiyo laini mno. Hakuwa na mume. Aliishi na mama yake mzazi, mwenye pumu, ambaye kifua chake kilipiga filimbi kila hali ya hewa ilipobadilika.

Janga lilipoingia, shule zikafungwa. Hilo hakulilalamikia. Kilichomchoma ni namna wakubwa wa wilaya walivyoziendesha baada ya hapo. Afisa Elimu, bwana nadhifu mwenye sauti ya mshereheshaji wa harusi, alituma ujumbe Alhamisi kwamba Jumatatu shule zinafunguliwa. Jumapili jioni akatuma mwingine: zimeahirishwa. Wiki mbili baadaye, waje wa darasa la kwanza hadi la tatu peke yao. Kesho yake, samahani, la nne hadi la saba.

Wazazi hawakuwa na namba ya Afisa. Walikuwa na namba za walimu. Mama mmoja fundi cherehani, ambaye binti yake alisoma kwa Ticha Sabuni, aliandika kwenye kundi la wazazi: "Walimu mmenenepa jamani. Sisi tunashinda na watoto vichwani, nyie mmelala."

"Mimi nimekonda," Ticha Sabuni akajibu. "Njoo na futi yako unipime."

Kundi zima likamrukia. Alitukanwa siku mbili mfululizo, na watu ambao watoto wao aliwafundisha kushika kalamu.

Siku ya tatu Mwalimu Mkuu akamwita ofisini. Alikuwa mzee mpole, aliyebakiza mwaka mmoja tu astaafu, na fomu ya wilaya ya kuthibitisha kwamba shule iko tayari kufunguliwa aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, kama kitu cha moto. Kwa kuwa Ticha Sabuni ndiye mwalimu wa afya wa shule, sahihi iliyotakiwa ni yake. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mkuu, haya mabomba kumi na mawili yako shule gani?"

"Weka sahihi tu, mwalimu. Ni karatasi."

"Tuna matatu. Linalotoa maji ni moja, nalo mpaka ulibembeleze. Na hapa pameandikwa watoto ishirini kwa darasa. Mimi ninao sabini na wanne."

"Afisa ameahidi matangi."

"Basi aandike ahadi. Asiandike mabomba."

Akairudisha karatasi ilipotoka, akaondoka.

Jumamosi asubuhi wazazi wakaitwa kwenye ukumbi wa shule. Afisa alichelewa saa moja na nusu, kisha akapanda jukwaani bila kuomba radhi. Aliwavisha wazazi vilemba vya ukoka, akawaita mashujaa, halafu akageuza sauti.

"Shule zote za wilaya zimetia sahihi, isipokuwa hii. Kuna mwalimu mmoja hapa anawakalia kooni watoto wenu, kisa amezoea kulala nyumbani."

Hakumtaja, lakini shingo zote ziligeuka. Fundi cherehani akasimama. "Si huyo hapo! Atuambie leo ana kisasi gani na watoto wetu!"

"Atoke! Atoke!" wakadakia wa nyuma.

Ticha Sabuni akainuka.

"Sina hotuba," alisema. "Nimekataa kusaini kwamba tuna mabomba kumi na mawili ya maji. Nani ameyaona? Tokeni nje mkayahesabu."

Wakatoka, wengi kwa nia ya kumuumbua. Bomba la kwanza lilitema maji ya kutu, likanyamaza. La pili fundi cherehani alilizungusha mwenyewe, kwa hasira, na koki ikang'oka ikabaki mkononi mwake, kavu, na buibui juu yake. La tatu halikuwa na koki kabisa.

Mama yule aliitazama ile koki. Kisha akapenya katikati ya watu hadi alipokuwa Afisa.

"Hii ni ya ngapi, baba? Kati ya kumi na mbili, hii ni ya ngapi?"

"Mama, usininyooshee chuma."

"Nimekuuliza ni ya ngapi!"

Afisa alitafuta gari lake kwa macho. Wazazi walilizunguka wakaligonga mabati; akajipenyeza ndani, na dereva akaondoka mlango mmoja haujafungwa vizuri.

Ticha Sabuni alidhani yamekwisha. Jumatatu kengele ililia kama kawaida. Ofisini aliikuta nakala ya fomu, na kwenye mstari wa mwalimu wa afya palikuwa na sahihi ya Mwalimu Mkuu. Mlangoni mwa darasa alimkuta fundi cherehani, kamshika binti mkono.

"Usinitazame hivyo, mwalimu. Siwezi kushona huku namlea."

"Muingize," alisema Ticha Sabuni.

Siku ya kumi na sita shule ikafungwa tena. Walimu wanne waliugua, Mwalimu Mkuu akiwemo. Ticha Sabuni yeye aliumwa kichwa tu, siku tatu. Lakini mama yake alilazwa siku tisa, mdomo umefungwa kwenye mashine ya hewa. Redioni Afisa alisema walimu waliambukizwa huko huko mitaani kwao. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya uhamisho: Ticha Sabuni apelekwe mpaka mwisho kabisa wa wilaya, kwa maslahi ya elimu.

Alikuwa akifunga vitabu kwa kamba mlango ulipobishwa. Mwalimu Mkuu, kapungua, suruali inamning'inia.

"Mwanangu, ningefanya nini? Nilibakiza mwaka mmoja."

"Ungeiacha wazi ile nafasi."

"Nisamehe."

"Leo siwezi, Mkuu. Mama anatoka kitandani hadi hapo mlangoni kwa vituo vitatu. Siwezi."

Mzee alisubiri kidogo, labda aambiwe aketi. Hakuambiwa. Akateremka ngazi polepole, akishika ukuta.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka chumbani, kwa pumzi mbili.

"Mtu wa kazini."

"Mbona hukumkaribisha?"

"Alikuwa na haraka," Ticha Sabuni akadanganya, akarudi kwenye vitabu vyake, akakaza fundo.