Sukari Kilo Mbili

Jikoni kwetu Husby hapakosi bakuli la mtu. Jirani wa ghorofa ya tatu, mama Mkongomani, akituletea sombe, kisamvu cha kwao, bakuli lake haliwezi kurudi tupu. Nalijaza maandazi, naye analirudisha na samaki, basi mambo yanaendelea hivyo mwaka mzima. Binti yangu, aliyezaliwa hapa Stockholm, huuita mchezo huo ugonjwa wa watu wazima. Husema kwa Kiswidi, kama anavyosema kila kitu: "Mama, si ulioshe tu umrudishie?"

Ndiye aliyenishawishi twende Moroko. Miaka yote niliyotunza wazee wa watu mjini hapa, likizo yangu ilikuwa Kenya, na Kenya nilikwenda kwa harusi au kwa matanga. Sasa akataka tujiunge na Waswidi kumi wanaotembea na mabegi mgongoni mpaka kijiji kilicho juu kabisa kwenye milima ya jangwani, tulale huko, turudi. Nikamwuliza tunamjua nani huko. Hatumjui mtu, akasema, na huo ndio utamu wake.

Kikundi kilikutana kila Jumamosi stesheni ya Spånga, tukaingia msituni kufanya mazoezi. Saa ya kula kila Mswidi aligeukia mkate wake. Mimi nilibeba chapati za watu wote. Kiongozi wetu, bwana mmoja mrefu mwenye mizani ya mkono, alipima begi langu akatikisa kichwa, kisha akala chapati nne. Sheria yake ilikuwa moja: kilo nane, basi. Atakayeshindwa kupanda na mzigo wake atazungushwa kwa gari la vyakula.

"Wewe utaishia kwenye gari," binti yangu alinitania. Alitania, lakini wasiwasi niliuona. Goti langu la kushoto limechoshwa na kuinua wazee, na yeye ndiye aliyeniandikisha. Papo hapo nikaapa moyoni kwamba nitaingia kijiji kile kwa miguu yangu, mwanangu akinitazama.

Jioni ya kuamkia safari, katika mji mdogo chini ya milima, begi langu lilipimwa: kilo nane kamili. Asubuhi nikachomoka hotelini, nikanunua sukari pakiti mbili za kilo moja moja, nikazifunika kwa soksi. Sikumwambia mtu.

Siku ya pili njia ilikuwa mawe na vumbi jekundu, mti hakuna, jua linachoma na upepo ni wa baridi. Waswidi walipanda kana kwamba kuna anayewaita. Mimi nikawa wa mwisho, goti likilalamika kila hatua. Kiongozi akarudi kuniambia kwa upole kwamba gari liko pale chini, barabarani. Binti yangu akafungua begi langu aone cha kupunguza, na sukari ikatoka hadharani.

"Hatuendi kumtembelea mtu!" alifoka kwa Kiswidi, uso umemwiva kwa aibu.

"Nilale kwa mtu, nile chakula chake, halafu nimpe nini? Picha?" Nilikuwa nimekasirika kumshinda. "Gari sipandi, na sukari siiachi."

Binti yangu alichukua pakiti moja akaitia begini mwake, kisha ya pili, akatangulia huku akinung'unika mpaka juu. Nilimfuata polepole.

Tuliingia kijijini alasiri, na mimi kwa miguu yangu. Mwenye nyumba ya udongo tuliyopangiwa alikuwa mama wa rika langu. Nilimgusa binti yangu kiwiko, akatoa sukari kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha utotoni. Yule mama aliziinua pakiti juu, akacheka, akaita majirani, akambusu mwanangu kichwani. Waswidi walibaki wameshika kamera. Kiongozi akachakura begi lake, akatoa mikate yao ile mikavu, akaikabidhi kwa haya. Chai iliyoletwa ilikuwa tamu kupita kiasi, na sijawahi kufurahi ugenini kama siku ile.

Asubuhi, mabegi yakiwa mgongoni, mwenye nyumba akatoka na zile karatasi zetu za sukari. Alikuwa amezijaza lozi na tini kavu na kuzifunga kwa uzi, nzito kuliko zilivyokuja. Nilimtazama kiongozi. Aliigeukia milima, mizani imo mfukoni.

Binti yangu alizipokea, akazitia begini mwake bila kuambiwa. Tulishuka mpaka kijiji kikajificha nyuma ya mwamba. Ndipo akasimama, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayechagua jiwe la kukanyaga:

"Mama, sasa sisi tutamrudishia nini?"

Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma.