Mablanketi ya Zege

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kwa vidole vyangu kwanza, kisha ndipo kichwa kinafuata. Vidole vilikuwa vimeshika gunia. Jioni yake nililiacha gunia lile limelowa chepechepe juu ya sakafu mpya, na asubuhi nikalinyanyua likasimama wima kama ubao wa mlango. Nililigonga, likalia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimezaliwa Wete, nimekulia kwenye joto, na barafu nilikuwa nimeiona ndani ya friji tu.

Lakini nimekimbilia mbele. Wacha nikueleze tulifikaje pale.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, miguu ilikuwa inaniwasha. Nikaenda Mombasa, nikaenda Dubai, na miaka ya tisini ikanikuta Maskati. Nimeosha magari kwenye maduka ya magari Wattaya, nimefungua matairi mtaa wa Ghala, nimeuza mikate. Kila nilipokwenda nilikuwa nauliza. Hiki kinafanya nini, hiki kimetoka wapi, kwa nini hiki kimewekwa kushoto? Fundi mmoja wa Ghala alichoka nami akanibandika jina: Kwa Nini. Mwishoni nikaishia kwenye ujenzi, na humo nikadumu, maana zege lilinishangaza. Unachanganya unga wa saruji, mchanga na kokoto, unatia maji, na kesho yake una jiwe.

Sasa, Maskati adui wa zege ni jua. Ukishalimwaga, unalifunika kwa magunia na kuyalowesha asubuhi, adhuhuri na jioni, siku saba, kama unavyomkanda mgonjwa wa homa. Usipolinywesha linapasuka. Hilo nilikuwa nalijua hata usingizini, na nikajiona fundi.

Akaja Ami Khalfan. Alikuwa mzee wa Ghubra, amezaliwa Unguja lakini asili ya wazee wake ni Jabal Akhdar, ule mlima wenye makomamanga juu ya Nizwa. Ujana wake aliumalizia Denmaki akibeba matofali, kisha akarudi Oman akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Aliniita nyumbani kwake, akaweka kopo la sukari juu ya mkeka na kiberiti kando yake.

"Kopo hili ni nyumba ya dada yangu, Bi Zuwena, kule mlimani," akasema. "Kiberiti ni banda la gari. Nataka unijengee banda."

"Kwa nini usiliunganishe na nyumba, ami? Utaokoa ukuta mmoja."

"Kwa sababu ya moshi. Dada yangu ana pumu. Banda liwe hatua kumi na mbili kutoka dirishani kwake." Akakigeuza kiberiti. "Mlango uangalie jua linakochomoza, likitoka tu lianze kuupasha. Ubavu tuupe upepo wa kaskazini. Sakafu ilale kidogo kuelekea mlangoni, vidole viwili, maji ya matairi yatoke yasigande ndani."

Nilimsikiliza nimepumbaa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akilifikiria banda la gari kama anavyofikiriwa mtoto mchanga, alale wapi, upepo umpige upande gani.

Na alikuwa na sababu. Baridi iliyotangulia, Bi Zuwena alibanwa na kifua alfajiri, na Landkruza ya dizeli iliyolala nje ikakataa kuwaka. Ikabidi wamngojee jirani wa kijiji cha pili. Alipofika, midomo ya bibi yule ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Alipona, lakini Ami Khalfan aliniambia, "Safari ile Mungu alitusamehe. Sitaki kumjaribu tena." Walimwomba sana dada yake ateremke akae Maskati. Alikataa. Mumewe kazikwa mlimani, na makomamanga yana mtu wa kuyatazama.

Siku ya kuondoka, Ami Khalfan alipakia mablanketi manane mazito, mapya.

"Haya si yenu," akatuambia. "Ni ya zege. Sakafu mtaimwaga asubuhi, muimalize kabla ya adhuhuri. Maji jioni msitie hata tone. Funikeni kwa nyasi kavu, kisha mablanketi."

Nilikuwa na fundi mwenzangu, Shabani wa Tanga, mtu mzima kunizidi, mwenye mdomo. Akaninong'oneza, "Zege la kwetu halijawahi kuomba shuka." Nikabana kicheko. Mimi, mwanangu, niliyeitwa Kwa Nini, siku ile sikuuliza. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini nilikuwa nimeshafika mahali ambapo niliona kuuliza kutanivua ufundi.

Njia ya mlimani siku hizo ilikuwa mawe matupu, na bila ruhusa hupandi. Tulijenga msingi, tukasimamisha kuta, tukaezeka. Ami Khalfan alikaa nasi muda wote huo, kisha akateremka Ghala siku mbili kufuata milango ya chuma. Alituachia sakafu.

Tulichelewa kuamka kwa sababu ya baridi, tukachelewa kuanza. Tulimaliza jua likiegemea. Nikalitazama zege langu, laini kama uso wa maziwa, na mikono ikafanya ilichozoea. Nilitandaza magunia, nikachota maji ya falaj, ule mfereji wa kijiji, nikayalowesha yote.

"Mzee kasema maji hapana," Shabani akanikumbusha.

"Mzee alibeba matofali. Mimi ndiye fundi wa zege."

Jua lilipozama, baridi ikaja kama mtu aliyekuwa anangoja nyuma ya ukuta. Tulilala chumba cha vifaa, kila mmoja na blanketi lake moja jepesi la Maskati. Meno yakaanza kugongana.

"Hemedi," akasema Shabani, "yale manane yamekaa tu pale."

"Ni ya zege."

"Zege lina mke anayelingoja Tanga?"

Akachukua manne. Nikachukua manne. Nililala usingizi mtamu kuliko wote niliopata nikiwa mlimani.

Asubuhi ndiyo ile ya gunia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nyasi zote zimevaa weupe, ukingo wa falaj una kioo chembamba, na jua likipiga kila kitu kinameremeta. Nilikimbia huku na huku kama mtoto. Nilivunja kipande cha kioo kile nikakitia mdomoni. Sikuitazama sakafu hata mara moja.

Ami Khalfan alifika adhuhuri na milango yake juu ya pikapu. Hakusalimia kazi, alitusalimia sisi.

"Mmelala vizuri?"

"Tumelala vizuri, ami."

"Nakuamini."

Akachuchumaa, akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akakwaruza sakafu. Uso wote ukabanduka kama ukoko wa wali, na chini yake ukatoka mchanga. Akakwaruza pengine, ikawa vilevile. Nikachuchumaa kando yake, nikakwaruza kwa ukucha, nao ukatoka na mchanga.

"Uliona mzee kachanganyikiwa," akasema.

Nikaokota kipande cha ukoko ule, nikakigeuzageuza.

"Sema tu, Hemedi. Nna miaka sabini, nshaitwa mengi."

"Niliona Denmaki imekuharibu kidogo, ami."

Akacheka, mwanangu. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwamba alicheka kweli. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe. Lilikuwa limepasuka katikati, juu mpaka chini, na ndani ya ufa, kivulini, barafu ilikuwa bado.

"Unamwona fundi aliyelipasua hili? Ndiye huyo. Maji yakiganda hufura. Huingia kwenye ufa mdogo kama unywele, yakafura, yakayeyuka, yakaingia zaidi, yakafura tena. Hayana nyundo na hayana haraka. Mlima wote huu umechongwa hivi. Na wewe jana jioni ukayachota kwa ndoo, ukayakaribisha ndani ya sakafu ya dada yangu."

Niliinua macho nikautazama mlima. Kila genge, kila jiwe lililolala bondeni, niliona ni kazi ya mkono uleule. Sijui kama umewahi kuogopa kitu na kukipenda kwa wakati mmoja. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Kisha akatoa hukumu yake, kwa sauti ya chini. "Sakafu utaivunja wewe. Na baridi hii inakaza, hatuwezi kumwaga nyingine mpaka ilegee. Hadi gari lipate nyumba, nyumba yake ni wewe."

Basi nikawa nyumba ya gari. Kila siku jua likielekea kuzama, niliisimamisha Landkruza pua ikiangalia mashariki. Nilifungua betri nikaibeba mpaka jikoni kwa Bi Zuwena, nikaiweka mbali na moto lakini palipo vuguvugu. Injini niliifunika kwa yale mablanketi manane, yote manane. Maji ya rejeta niliyamwaga jioni yasigande, na alfajiri nilipasha mengine ya kumimina humo, yenye joto la kuogeshea mtoto, maana Ami Khalfan alinionya ya kuchemka yatapasua chuma. Mchana nilivunja sakafu kwa nyundo.

Bi Zuwena alinitania. "Betri yako imepata mchumba jikoni mwangu. Posa lini?"

Siku moja akaniuliza kwa nini tuliyalalia mablanketi ya sakafu. Nikamwambia tulisikia baridi, bibi.

Akanitazama sana. "Makabati yangu yamejaa mablanketi, mwanangu. Ya sufu, ya mama yangu. Mlilala hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Mngesema tu."

Neno lile lilinipiga kuliko ufunguo.

Alfajiri ya siku ya kumi na moja, tumemaliza kusali, nikamsikia. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi, kisha filimbi ikawa fupi, kisha ikawa fupi zaidi. Ami Khalfan alitoka amembeba dada yake kama fungu la nguo. Mimi nilikuwa nimeshakimbia na betri kifuani. Nilivuta mablanketi, nikamimina maji, nikafunga nyaya. Mzee akamlaza dada yake kiti cha nyuma, akapiga ufunguo. Injini ikaguna, ikanyamaza. Akapiga tena, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Usinitazame mimi," akasema kupitia dirishani. "Tazama nati."

Nati moja ya betri ilikuwa haijakaza. Vidole havikuwa na hisia. Niliikaza huku nauma ulimi. Mara ya tatu ikashika. Moshi mweupe ukafunika ua wote, na sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Nilikaa nyuma nimemwegemeza Bi Zuwena kifuani mwangu, mzee anateremsha gari kwenye mawe, mikono yake inausoma mlima kwa usukani. Jua likachomoza chini yetu, mwanangu. Chini yetu. Lilipanda kutoka bondeni, likaupaka uso wa bibi yule rangi, na mimi nikawa nahesabu pumzi zake. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Gari lingekataa, mauti ya bibi yule yangekuwa juu yangu, na ningeyabeba nikikumbuka jinsi nilivyolala vizuri chini ya mablanketi manne.

Hospitali walimpokea, na kabla ya adhuhuri alikuwa anauliza kwa nini kahawa ya pale haina iliki.

Baridi ilipolegea tukamwaga sakafu ya pili. Tulianza na jua, tukamaliza asubuhi ileile, tukafunika nyasi kavu, tukatandika mablanketi na kuyachomeka pembeni. Shabani hakufanya mzaha. Alilipigapiga zege kwa kiganja akaliambia, "Lala salama, bwana." Usiku ule sisi tulilala ndani kwa Bi Zuwena, chini ya sufu ya mama yake.

Miaka ya elfu mbili, barabara ya lami ilipokwishapanda mlima, nilirudi. Ami Khalfan alikuwa ametangulia mbele ya haki. Bi Zuwena alikuwa hai, amekonda, mkali vilevile. Niliingia bandani, nikachuchumaa, nikatoa ufunguo, nikakwaruza. Ufunguo ndio uliochubuka.

Haya ndiyo niliyotaka kukupa. Ukijua kazi, ijue pamoja na mahali ulipojifunzia, maana ujuzi nao una kwao. Ukiuhamisha, uuombee ruhusa kwa wenyeji. Wenzetu walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi sikwambii ulivunje. Fumba kidogo tu, usikilize. Na mdadisi asijidanganye. Mimi niliuliza habari za kila kitu duniani isipokuwa yale mawili yaliyokuwa yananionyesha kuwa sijui na nina haja: mablanketi haya ya nini, na je, mnalo la ziada? Maswali hayo mawili yangeokoa sakafu, na yangemwondolea bibi wa watu hatari ya alfajiri ile. Ukisikia baridi, mwanangu, sema. Mlango uko hatua ishirini.

Mola akujaalie mtu wa kuikwaruza sakafu yako kwa ufunguo kabla hajapita juu yake mgonjwa, akupe moyo wa kumtazama usoni akicheka, na kila utakachokimwaga mbichi kikauke kwa salama.